UZI: Wangechi Mutu na vidaka (mashimo ya ukutani ya kuwekea sanamu) vilivyokaa vitupu miaka 117. Tufuate maonyesho yake jengo kwa jengo

#1 Mwanahija_S (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Jina la Wangechi Mutu likitajwa humu, maongezi huishia kwenye bei za mnada au kwenye "Mkenya mwenzetu katoboa Marekani". Leo naomba tukae na maonyesho yenyewe. Nimemfuatilia kwa muda mrefu, na hoja yangu naiweka mezani mapema: ukitaka kumwelewa, tazama mahali alipoweka kitu. Ukutani, sakafuni, mlangoni, darini. Kila alipopewa jengo kubwa zaidi alilijibu lile jengo, na humo ndimo ilimo safari yake yote.

Kwa wasiomjua: alizaliwa Nairobi mwaka 1972, akasoma Loreto Msongari, akaenda kumalizia sekondari Atlantic College kule Wales, kisha New York. Shahada ya kwanza aliipata Cooper Union mwaka 1996, ya uzamili Yale mwaka 2000. Shikeni hili: Yale alisomea uchongaji. Wengi walimjua kwa picha za karatasi wakadhani sanamu zimekuja baadaye, alipochoka na gundi. Sanamu zilikuwepo tangu mwanzo, zikisubiri nafasi na pesa.

Kazi zilizomtoa ni kolaji, picha zinazoundwa kwa kubandika vipande vya karatasi. Mwaka 2001 alitengeneza mfululizo uitwao "Pin-Up", wanawake waliokaa mikao ya kalenda za warembo. Ukiwa mbali unaona urembo. Ukisogea unaona mkono haupo, mguu umekatika. Vita vya Sierra Leone na watu waliokatwa viungo kwa ajili ya almasi vilikuwa kichwani mwake. Hapo ndipo unapoanza mchezo wake wa umbali: picha inakuita, kisha inakufanya ujute kusogea.

Mwaka 2003 New Museum, jumba la sanaa la New York, ilifanya onyesho la wasanii wengi kuhusu mwanamuziki wa Nigeria Fela Kuti, "Black President", lililoratibiwa na Trevor Schoonmaker. Wangechi alikuwa mmoja kati ya kundi. Wengine walimtazama Fela; yeye alimtazama mama yake, Funmilayo, mwanamke aliyepigania haki za wanawake Nigeria. Kazi inaitwa "Yo Mama": mwanamke amekanyaga kichwa cha nyoka kwa kisigino cha kiatu. Leo iko MoMA, jumba la sanaa ya kisasa la New York. Likumbukeni hili jumba la New Museum, nitalirudia.

Naendelea chini. Ulizeni lolote.

#2 Fundi_Mwenge

Natega kambi hapa dada. Mimi nachonga mpingo, mambo ya kolaji siyajui sana. Hizo karatasi anabandika juu ya nini? Na anazitoa wapi?

#3 Mwanahija_S

Kaka Fundi, mara nyingi juu ya Mylar, karatasi ya plastiki laini isiyonyonya maji. Wino na rangi ya maji vikimwagwa juu yake havizami. Vinaelea, vinajikusanya, vinakauka na madoa kama ngozi yenye ugonjwa. Madoa hayo ndiyo ngozi ya wanawake wake. Juu yake anabandika vipande vya magazeti: ya mitindo, ya pikipiki, ya picha za uchi, ya wasafiri wanaopiga picha makabila. Midomo ya mwanamitindo, jicho la mnyama, vipuri vya injini mahali pa goti.

Kuna mfululizo wa picha 12 wa katikati ya miaka ya 2000, "Histology of the Different Classes of Uterine Tumors". Alichukua michoro ya zamani ya vitabu vya udaktari, ya uvimbe na magonjwa ya kizazi, akaigeuza nyuso. Kila uso umejengwa juu ya tumbo la uzazi lililochanwa na daktari wa zamani. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi kali kuliko zote alizofanya kwa karatasi, na ni ndogo tu, unaweza kuibeba kwapani.

#4 Baba_Nuru

Samahani mleta uzi, mimi nitapingana na wewe kwa heshima. Hizi picha zinamdhalilisha mwanamke wa Kiafrika. Tumepigwa picha za aibu miaka mia, sasa binti yetu mwenyewe anachukua magazeti ya uchi na kututengenezea majini, na wazungu wanampigia makofi. Mama yangu mzazi nisingethubutu kumwonyesha.

#5 Mwanahija_S

Baba Nuru, shikamoo, na nashukuru kwa kusema wazi. Swali lako ni zito, na nadhani Wangechi mwenyewe amelibeba miaka yote.

Nitajibu kwa kile ninachokiona. Yale magazeti yalikuwa yanachapwa kabla yake na yangeendelea kuchapwa bila yeye. Alichofanya ni kuyakata. Mwanamke aliyewekwa pale atazamwe, akishapita kwenye mkasi wake, anakuwa na macho yanayokutazama wewe. Huwezi kumla kwa macho tena, maana hujui mwili unaanzia wapi na mashine inaishia wapi.

Halafu fuatilia mwili wenyewe kwa miaka. Mwaka 2001 umekatwa. Katikati ya miaka ya 2000 umechanwa na kufunguliwa. Ukifika 2019, zile sanamu za bronzi nitakazozieleza zimevikwa kuanzia shingoni hadi chini, kwa mavazi ya mikunjo kama koili iliyozungushwa mara nyingi. Hakuna ngozi ya kutazama isipokuwa uso na mikono. Huyo si msanii aliyebaki pale pale.

#6 Baba_Nuru

Marahaba mwanangu. Hizo za bronzi nimeziona mtandaoni, sina ugomvi nazo. Za karatasi bado sijakubali.

#7 Mwanahija_S

Sawa mzee wangu. Naendelea.

Mwaka 2006 alifanya jambo ambalo ningetoa chochote kuliona. Kwenye nyumba ya sanaa ya Salon 94, New York, alishirikiana na msanifu majengo David Adjaye (mzaliwa wa Dar es Salaam, wazazi Waghana) wakatengeneza chumba kizima, "Exhuming Gluttony". Meza kubwa katikati. Ngozi za wanyama ukutani. Chupa zimening'inizwa darini zikidondosha divai nyekundu matone kwa matone hadi meza na chumba vinanuka. Kuta zenyewe zilikuwa na majeraha, matundu yaliyochimbwa kana kwamba nyumba imepigwa risasi. Karamu ya walafi, wageni wameshaondoka, umebaki wewe na harufu. Kwa kazi ile aliacha kuliona jengo kama mahali pa kupigilia msumari tu. Ukuta nao ukawa mwili.

Baada ya hapo majengo yakaanza kumfungukia. Mwaka 2010 Deutsche Bank ilimchagua Msanii wa Mwaka, wa kwanza kabisa kupewa tuzo hiyo, na akaonyesha Deutsche Guggenheim, Berlin. Mwaka huo huo Art Gallery of Ontario, Toronto. Sitakaa sana hapo.

Nitakaa 2013. Schoonmaker, yule yule wa onyesho la Fela, sasa alikuwa Nasher Museum, chuo kikuu cha Duke, North Carolina. Akamwandalia "A Fantastic Journey", onyesho la kwanza kubwa Marekani la kupitia kazi zake zote. Kazi zaidi ya 50, pamoja na daftari zake za michoro ambazo watu hawakuwahi kuziona. Likasafiri hadi Brooklyn Museum, likaenda North Miami, likaishia Block Museum karibu na Chicago. Humo ndani ukuta ulifunikwa mablanketi ya kijivu, yale mazito ya kufungia mizigo, akayageuza kuwa magome ya miti. Na ikaonyeshwa filamu yake ya kwanza ya katuni, "The End of eating Everything", ya dakika kama 8, ambamo mwimbaji Santigold ni kichwa cha dubwana linaloelea na kula kila kitu mbele yake.

Kaka Fundi, wewe kama msanii tazama hapa. Mratibu yule yule, miaka kumi imepita kati ya onyesho na onyesho. Watu wanatafuta siri ya "kutoboa", mimi naona mtu mmoja aliyeamini kazi yake mapema na hakumwacha.

#8 Kirinyaga_Rd

Wadau wa uzi, naomba kuongeza kitu kutoka huku Nairobi, kwa sababu 2015 ilituuma sana.

Biennale ya Venice ndiyo kilele cha maonyesho ya sanaa duniani, nchi zinapeleka wasanii wao kwenye mabanda. Mwaka 2013 banda la "Kenya" lilijaa wasanii wa China na Italia, Wakenya wakahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Mwaka 2015 ikatangazwa orodha nyingine ya aina hiyo hiyo. Wasanii wa hapa wakapaza sauti, wakakusanya saini, mpaka Waziri wa Utamaduni wa wakati huo, Hassan Wario, akalikana lile banda na likafutwa.

Sasa mwaka huo huo 2015, kwenye onyesho kuu la Biennale lenyewe, lililoratibiwa na Okwui Enwezor, Mwafrika wa kwanza kupewa kazi hiyo, Wangechi Mutu alikuwemo. Tulikuwa na Mkenya kwenye ukumbi mkubwa kabisa wa mji ule, na bendera yetu ilikuwa imekodishwa chumba cha pembeni. Hilo mimi sijalisahau.

#9 Mwanahija_S

Kirinyaga, asante sana, hilo lilikuwa linakosekana.

Alichopeleka Venice kilikuwa na mambo matatu: mchoro, sanamu, na filamu ya "The End of Carrying All". Ndani ya filamu ni yeye mwenyewe, mwanamke anatembea kwenye mstari wa mlima na kikapu kichwani. Kila akipiga hatua mzigo unaongezeka: vitu vya nyumbani, gurudumu, majengo, hadi anainama, anatambaa, na mwishoni mzigo na mwanamke vinamezwa na ardhi ikilipuka. Kwa msomaji yeyote humu aliyewahi kumwona mama anapandisha mlima na kuni, haihitaji maelezo.

Mwaka mmoja kabla, mwishoni mwa 2014, alikuwa London, nyumba ya sanaa ya Victoria Miro, na onyesho aliloliita "Nguva na Nyoka". Tunaojua hadithi za Pwani tunamjua nguva: nusu mwanamke, anayeita mabaharia. Wangechi amezaliwa bara lakini kiumbe huyo hakumwacha. Mwaka 2017 akaweka "Water Woman", nguva wa bronzi nyeusi, kwenye bustani ya Laguna Gloria kule Austin, Texas, kando ya maji. Amekaa kimya, mkia umejikunja. Hatabasamu.

#10 Bibi_Shela

Kwetu Lamu nguva wamebaki kuhesabika. Nyavu zimewamaliza. Nafurahi kama kuna mtu amemweka mmoja wa bronzi mahali asipoweza kunaswa.

#11 Mwanahija_S

Bibi, shikamoo. Naomba ubaki hapa, maana sasa nakuja kwenye vidaka, na wewe umekulia nyumba yenye vidaka ukutani.

Metropolitan Museum of Art, kwa kifupi Met, jumba la makumbusho la Fifth Avenue, New York. Uso wa jengo ulisanifiwa na Richard Morris Hunt, aliyefariki 1895, ukakamilika 1902. Hunt aliacha vidaka vinne vikubwa vya mawe kwa ajili ya sanamu za kusimama hapo. Pesa na mipango havikukutana, vidaka vikabaki vitupu. Rais baada ya rais, vita viwili vya dunia, mamilioni ya watu wakapanda ngazi zile. Miaka 117.

Tarehe 9 Septemba 2019 vikajazwa kwa mara ya kwanza. Jumba lilikuwa limeanzisha utaratibu wa kumwalika msanii kila mwaka kuweka kazi usoni mwa jengo, na aliyefungua ni Wangechi. Onyesho liliitwa "The NewOnes, will free Us". Sanamu nne za bronzi, "The Seated I" hadi "IV", wanawake wakubwa kuliko binadamu wa kawaida, wengine wamekaa, wengine wamepiga magoti. Kila mmoja ana sahani ya duara iliyong'arishwa: mmoja mdomoni, mmoja machoni, mmoja kisogoni, mmoja juu ya kichwa. Chanzo chake ni mapambo ya wanawake wa vyeo katika jamii mbalimbali za Afrika. Jua likipiga, sahani inarudisha mwanga barabarani. Jengo linakuangalia.

Wazo la msingi ni lile la nguzo-mwanamke. Wagiriki walichonga wanawake wakabebeshwa paa la hekalu. Afrika tuna viti vya enzi ambavyo mwanamke amechongwa akibeba kikalio cha mfalme. Wangechi akamtua. Wale wanne hawabebi chochote. Wamekaa, mgongo umenyooka, mikono imepumzika.

#12 Lushois_243

Jambo sana kutoka Lubumbashi. Hapo kwenye kiti cha enzi ni kwetu, Waluba. Kiti cha mfalme kinabebwa na mwanamke kwa sababu kwetu nguvu ya ufalme inakaa ndani ya mwili wa mwanamke. Kumbukumbu na siri za ukoo anazishika yeye. Fundi mashuhuri wa viti hivyo wazungu wanamwita Bwana wa Buli, kwa jina la kijiji, wa karne ya 19. Moja ya viti vyake kiko ndani ya hiyo hiyo Met mnayoisema.

Kwa hiyo mwanamke wa Kiluba yuko ndani ya kioo amebeba kiti, na nje mlangoni dada zake wameketi. Sijui kama watu wa New York waliliona, lakini sisi tunaliona.

#13 Fundi_Mwenge

Lushois umenifungua macho. Nimechonga mwanamke mwenye mtungi kichwani nusu ya maisha yangu kwa sababu wateja wanamtaka. Sijawahi kumchonga amekaa.

#14 Nesi_NJ

Naishi New Jersey, kazini navuka kwenda Manhattan. Zile sanamu zilipangwa kuondolewa Januari 2020, zikaongezewa muda. Machi korona ikafunga kila kitu, na Met ikafungwa hadi mwishoni mwa Agosti. Ndani giza, nje wale wanne wamebaki vidakani, kila apitaye anawaona bure, bila tiketi. Nikitoka zamu nilikuwa napitia Fifth Avenue kwa makusudi. Niseme tu kwamba katika miezi ile, kuona wanawake weusi wanne wametulia mlangoni mwa jumba lililofungwa kulinisaidia. Waliondolewa Novemba.

#15 Mwanahija_S

Dada Nesi, pole kwa kazi ya miezi ile na asante kwa kutuandikia. Wawili kati yao, wa I na wa III, walinunuliwa na Met, wamo kwenye hazina ya jumba.

Mwaka 2019 huo huo, kabla ya Met, alikuwa kwenye Whitney Biennial, onyesho la wasanii wengi la jumba la Whitney, New York, na "Sentinel", sanamu ndefu za wanawake zilizojengwa kwa udongo mwekundu, mbao na rojo la karatasi. Ni zao la karakana yake ya Nairobi, maana kwa miaka kadhaa sasa anaishi kati ya Brooklyn na Nairobi. Udongo ule umebadilisha mkono wake. Onyesho lake la 2017 pale nyumba ya sanaa ya Gladstone, New York, lilikuwa na jina la Kikikuyu, "Ndoro Na Miti", na lilikuwa limejaa tope na matawi.

#16 Kirinyaga_Rd

Mimi kwa kweli napenda za udongo kuliko bronzi. Bronzi ni lugha ya majenerali na marais waliopanda farasi. Udongo wa huku ukipasuka unapasuka kweli. Naona jumba kubwa likimwita mtu, linamvuta pia kwenye vifaa vyake.

#17 Mwanahija_S

Nakuelewa, na kwa "Sentinel" niko upande wako. Lakini bronzi inastahimili mvua, na yeye alitaka kutoka nje. Angalia San Francisco, 2021, Legion of Honor. Ua wa jumba lile unatawaliwa na "The Thinker" ya mchongaji Mfaransa Rodin, mwanamume aliyejiinamia akiwaza. Wangechi alipewa ua. Akalaza mbele yake "Shavasana I" na "II", miili miwili ya bronzi iliyofunikwa mkeka, imetokeza miguu yenye viatu vya kisigino kirefu. Mkeka ule ni wa ukili, unaona msuko wote ndani ya chuma. Kwetu maiti hufunikwa hivyo. Mwanamume anawaza juu, wanawake wamelala chini ya mkeka, na wewe mgeni umesimama katikati. Niambie kwa udongo angewezaje kuiacha hiyo nje miezi sita.

#18 Kirinyaga_Rd

Hiyo ya mkeka nakubali.

#19 Bibi_Shela

Waalaikum salaam, marahaba mwanangu, nimechelewa kujibu. Vidaka vya kwetu huwekwa sahani za kaure, chombo kizuri cha nyumba. Vikibaki vitupu ni alama kwamba nyumba imepungukiwa. Endelea.

#20 Mwanahija_S

Asante Bibi. Namalizia na mawili.

New Museum niliyowaomba mlikumbuke. Machi 2023 walimfungulia "Intertwined", kazi zaidi ya 100 za miaka 25, na akapewa jengo zima, ghorofa zote. Mwaka 2003, jumba likiwa bado kwenye jengo lake la zamani, aliingia na mchoro wa mama wa Fela kati ya kazi za wengine. Onyesho likahamia New Orleans Museum of Art mwaka 2024, na kwa mtu anayejua habari za Mami Wata, yule mwanamke wa majini wa Afrika Magharibi, na za watu waliovushwa bahari, mji ule ulikuwa mahali pake.

La pili ni Roma, Juni hadi Septemba 2025, Galleria Borghese, "Black Soil Poems". Hii ni nyumba ya Kardinali Scipione Borghese, imejaa kazi za mchongaji Bernini na mchoraji Caravaggio, kila ukuta na kila kona ina kitu cha karne ya 17 au cha kale zaidi. Hakuna kidaka kitupu hata kimoja. Alifanyaje? Ndani akatundika kazi zake darini, zikaelea hewani juu ya marumaru, hakuna kilichosogezwa. Nje akaweka wawili wa "The Seated" usoni mwa jengo na "Water Woman" bustanini. Kwa aliyeanza kwa kuchimba majeraha kwenye kuta za watu, kuning'iniza bila kugusa ni uamuzi mkubwa, na mimi nauona kama ukomavu wa hali ya juu.

#21 Baba_Nuru

Nimesoma uzi wote hadi hapa. Swali: mtu wa Dar au Nairobi asiye na nauli ya Roma aanzie wapi?

#22 Mwanahija_S

Mzee wangu, tovuti ya Met ina picha za "The Seated I" na "III". Anzia hapo, halafu tafuta kile kiti cha Bwana wa Buli alichotaja Lushois kwenye tovuti hiyo hiyo, ukiweke dirisha la pili pembeni. Za karatasi tuziache kwanza, nitafungua uzi wake na tutabishana vizuri.

#23 Fundi_Mwenge

Dada, ukifungua huo wa pili nitag. Nina gogo la mpingo ndani tangu mwaka jana, nimeshaanza kupima urefu wa kiti.